MTAMBO HAUJIENDESHI!

Ndugu wafanyakazi wa viwandani, ndugu wachumaji wa majani, na ninyi wakulima wadogo wa Boito, Mogogosiek na Konoin nzima ambao majani yenu yanapita mikononi mwetu kila siku!

Kuna neno moja linalozunguka siku hizi katika nchi hii ya chai, kutoka Kericho mpaka Bomet. Linasemwa mezani wakati wa majadiliano ya mishahara. Linasemwa na wasimamizi wakipita kukagua. Na jambo la kusikitisha ni kwamba hata baadhi ya wafanyakazi wenyewe wameanza kulirudia kama kasuku. Neno lenyewe ni hili: "Siku hizi mtambo unajiendesha." Ati majani yanaingia upande huu, chai inatoka upande ule, na katikati mtu ni wa kufagia na kubonyeza swichi tu. Na kwa kuwa ni mtu wa kubonyeza swichi, basi alipwe kama mbonyeza swichi, aandikwe kwa msimu, na kazi ikipungua awe wa kwanza kuonyeshwa lango.

Neno hilo ni uongo, na uongo huo unalipiwa kwa fedha za mfuko wako. Leo tutaufungua mtambo huo mbele yenu, kipande kwa kipande, ili kila mmoja aone ni nani anayeuendesha. Anayejua kazi yake inavyofanyika hadanganyiki kirahisi juu ya thamani yake.

KINACHOTENDEKA NDANI YA JANI

Wengi wetu tumefanya kazi hii miaka mingi bila kuelezwa na mtu ni kitu gani hasa tunachokifanya. Tunaambiwa "chachusha majani", nasi tunachachusha. Lakini hakuna chachu pale kama ile ya busaa. Kinachofanya kazi ni hewa na jani lenyewe.

Jani changa la chai limejaa vitu vinavyoitwa polifenoli. Ukilikausha jani hilo na kulipima, robo ya uzito wake au zaidi ni vitu hivyo. Vilivyo vingi kati yake ni katekini, navyo ni vidogo, havina rangi, na vina ukali mdomoni. Katika jani zima, katekini zimefungiwa chumba chao, na kimeng'enya kinachoweza kuzibadilisha kimefungiwa chumba kingine. Havionani. Jani likisagwa, kuta za vyumba hivyo hupasuka, vitu hivyo vikakutana, oksijeni ya hewani ikaingia katikati, na hapo kazi kubwa huanza. Katekini huunganishwa mbili mbili zikawa theaflavini, yenye rangi ya dhahabu na mng'ao. Kisha vitu hivyo huendelea kuungana na kubadilika vikawa thearubijini, za rangi ya kahawia, ndizo zinazoipa chai uzito na weusi wake. Kwa miaka mingi wataalamu walizihesabu thearubijini kuwa polima, yaani vitu vilivyoungana kama pete za mnyororo. Uchunguzi wa siku za karibuni umeonyesha kwamba ni mchanganyiko wa maelfu ya aina mbalimbali. Majina hayo mawili, theaflavini na thearubijini, yalitokana na kazi ya mwanakemia Mwingereza E. A. H. Roberts katika miaka ya 1950.

Basi jueni hivi: kiwanda cha chai ni kiwanda cha kemia. Si kinu cha kusaga majani tu. Katika chai iliyokauka, theaflavini ni asilimia 1 mpaka 3 hivi, lakini kiasi hicho kidogo kina neno kubwa katika bei. Mama yeyote wa Boito anajua jambo hili bila kuambiwa na mwanakemia. Akitia maziwa katika chai nzuri, sufuria inageuka rangi ya dhahabu. Akitia katika chai mbovu, inakuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mnunuzi wa mnada wa Mombasa naye hutazama jambo hilo hilo, ila yeye ana kijiko cha kuonjea.

KUTOKA TOROLI MPAKA MKANDA

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mafungu. Majani yaliyosagwa yalitandazwa sakafuni au katika sinia, na baadaye katika matoroli ya magurudumu yanayopulizwa hewa kwa chini. Kila fungu lilikuwa na saa yake na mtu wake. Toroli moja likiharibika, limeharibika hilo moja.

Kisha ukaja mwendo usiokatika. Mashine ya CTC, ambayo kazi yake ni kuponda, kurarua na kukunja, ilibuniwa kule Assam, India, na William McKercher mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika miaka ya 1950 kituo cha utafiti cha Tocklai, huko huko Assam, kikatoa rotavani: skrubu kubwa ndani ya pipa, kama mashine ya kusagia nyama, inayolikamua jani kabla halijafika kwenye rola. Mwenye ndugu katika kiwanda cha plastiki Nairobi amuulize. Atamwambia kwamba nao wana skrubu ndani ya pipa, malighafi inaingia huku na kutoka kule bila kusimama. Kazi zetu ni za ukoo mmoja. Wao wanayeyusha na kubadilisha polima za mafuta ya petroli, nasi tunaunganisha vitu vya jani.

Leo Kenya ni nchi ya CTC. Jani linanyaushwa vitandani kwa muda wa saa 12 hadi 18 hivi. Linapita rotavani, kisha rola za CTC zilizopangwa moja baada ya nyingine. Linaanguka juu ya mkanda wa kuchachushia unaotembea polepole huku hewa ikipulizwa kutoka chini, na rangi inageuka kutoka kijani mpaka shaba. Kwa CTC muda wake ni saa moja mpaka saa moja na nusu hivi. Mwisho linaingia katika mtambo wa kukaushia, ambako hewa yenye moto kupita wa maji yanayochemka inakiua kimeng'enya na kukausha chai mpaka unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai.

Mabwana wanasema huo ndio mtambo unaojiendesha. Sisi tunawauliza swali moja tu: mkanda ukisimama, je, kemia nayo inasimama?

Kila mfanyakazi wa zamu ya usiku analijua jibu. Umeme ukikatika saa nane za usiku, mkanda unasimama, feni ya hewa inasimama, lakini majani yaliyo juu ya mkanda hayasimami. Yanaendelea kuungana na kubadilika, na kwa kuwa kazi hiyo hutoa joto lake yenyewe, na hakuna hewa ya kulipoza, yanazidi kupata moto na kwenda mbio. Theaflavini inaliwa, mng'ao unakufa, chai inakuwa nyeusi na bapa mdomoni. Ni nani anayeyaokoa? Je, ni mtambo? Ni mtu mwenye sepetu! Ni vijana wanne watano wanaoruka juu ya mkanda kuyatawanya majani yapoe, makanika anayekimbilia jenereta, na mtu wa boila anayelinda moto wake usizime. Asubuhi meneja anaandika katika daftari: "Kazi iliendelea baada ya kusimama kidogo." Hilo "kidogo" ni jasho la watu, na hakuna karatasi ya mshahara inayolitaja.

Tena angalieni tofauti hii. Toroli moja likiharibika, lilikuwa limeharibika hilo moja. Katika mkanda, kosa halikai mahali pake, linatembea. Rola ikiwa butu asubuhi, kila kilo inayopita mpaka jioni imepondwa vibaya, kuta za vyumba vya jani hazikupasuka sawasawa, na hakuna feni wala moto utakaolirekebisha hilo huko mbele. Kwa hiyo mtambo usiokatika umefanya kosa kuwa ghali zaidi kuliko zamani, na mtu anayelizuia kosa hilo amekuwa wa thamani zaidi. Wao wamelipindua jambo hili juu chini. Wameuongezea mtambo sifa, na mtu wakampunguzia cheo.

PUA YA MFANYAKAZI NI CHOMBO CHA KAZI

Watasema: "Tumeweka vipima joto, tumeweka saa, mkanda una mwendo wake uliopangwa." Vema. Hatuvikatai vipima joto. Lakini je, ni nani aliyemwona kipima joto akinusa?

Majani ya leo si majani ya jana. Baada ya mvua jani linakuja na maji mengi. Wakati wa kiangazi linakuja gumu. Kila aina ya mche ina mwendo wake wa kuchacha. Asubuhi ya ukungu wa Boito, mahali palipo juu na penye baridi, kazi inakwenda pole. Saa nane mchana inakwenda mbio. Watafiti wetu wenyewe wameyapima haya. Philip Owuor na Martin Obanda, waliofanya kazi ya utafiti wa chai hapa Kericho, walichapisha pamoja na mwenzao mwaka 2001 matokeo ya kujaribu joto mbalimbali na muda mbalimbali wa kuchachusha. Joto dogo na muda usiozidi vinalinda theaflavini na mng'ao. Joto kubwa na muda mrefu vinazidisha thearubijini na kuua uchangamfu wa chai. Maana yake ni kwamba hakuna saa moja iliyo sawa kwa siku zote. Lazima awepo mtu anayejua wakati ndio huu.

Mtu huyo ni yule anayesimama kando ya mkanda. Anachota konzi ya majani, anayakamua, anatazama rangi, anainusa harufu inavyotoka kwenye ubichi wa nyasi na kufikia ile ya tufaha lililoiva, kisha anamwambia mwenzake: punguza mwendo, au ongeza hewa, au fungua njia ya kukaushia. Amejifunza hayo kwa miaka. Hakuna shule iliyomfundisha. Alifundishwa na mzee aliyemtangulia. Lakini tazama karatasi yake ya kazi imeandikwa nini. Imeandikwa: mfanyakazi wa kawaida. Mwenzake anayenoa meno ya rola, kazi ya kupima kwa unywele, naye mara nyingi ameandikwa vivyo hivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!

KWA NINI CHEO HIKI NI SUALA LA UHAI

Huenda ndugu mmoja akasema, "Mimi jina la cheo silitaki, nataka fedha." Ndugu, soma sheria uone jinsi jina na fedha vilivyofungwa kamba moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imekwisha, lazima akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla. Inasema katika kuchagua wa kuondoka lazima aangalie miaka ya utumishi, na pia ustadi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Inasema anayeondolewa alipwe malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioumaliza kazini. Na inakataza mtu kudhulumiwa katika jambo hilo kwa sababu ni mwanachama.

Sasa pigeni hesabu. Ikiwa ustadi wako haukuandikwa popote, siku ya kuchagua utahesabiwa huna ustadi. Ikiwa cheo chako ni cha chini, zile siku 15 zinapigwa kwa mshahara wa chini. Mtu aliyelinda mkanda miaka 20 anaondoka na malipo ya mtu wa kufagia, na mara nyingi anaitwa tena msimu wa mvua, kama kibarua mpya, kuja kumfundisha kijana aliyewekwa mahali pake! Hapo ndipo neno "mtambo unajiendesha" linapoonyesha faida yake kwa wenye kulisema. Si neno la ufundi. Ni neno la hesabu.

JANI BAYA HALITENGENEZWI NA MTAMBO

Sasa tuwageukie ndugu zetu wachumaji, kwa maana kuna wanaodhani mambo ya mkanda hayawahusu.

Kemia yote tuliyoieleza inaanza shambani. Majani mawili na chipukizi ndiyo yenye katekini nyingi na kimeng'enya chenye nguvu. Jani la tatu na la nne, na bua lake, vina vitu hivyo kwa uchache, na vina nyuzi nyingi ngumu. Uchunguzi uliofanywa hapa Kericho kwa miaka mingi umeonyesha kwamba kadiri uchumaji unavyokuwa wa ovyo, ndivyo theaflavini inavyopungua na thamani ya chai kushuka. Kiwanda hakiwezi kuongeza kitu ambacho jani halikuja nacho.

Basi ingieni shambani mwone mashine za kuchumia zilivyoenea katika mashamba makubwa. Mashine haichagui. Inakata kilicho juu, kiwe chipukizi, kiwe jani lililokomaa, kiwe bua. Watatuambia kwamba mashine ikiwekwa kimo sawasawa na ikipitishwa mara kwa mara, inaleta jani la kufaa. Hatubishi, yawezekana. Lakini kimo hicho anakiweka nani, na anayeamua kwamba kichaka kimefikia wakati wa kupitiwa ni nani, kama si mchumaji mzoefu? Wakimfukuza huyo na kuleta mtu asiyelijua jani, mkanda wetu utapokea nyuzi, rola zitachakaa upesi, na bei ya Mombasa itashuka. Na bei ikishuka, meza inamgeukia nani? Inamgeukia mtu wa mkanda: "Wewe ulilala!" Mchumaji amepoteza kazi kwa sababu ya mashine, na mtu wa kiwandani ameandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya mashine hiyo hiyo. Ndugu, adui ni mmoja, tofauti ni mlango aliopitia.

Mnakumbuka Mei 2023. Hasira ya mashine hizo ililipuka Kericho, mashine zikachomwa moto, na mtu akapoteza maisha. Chama hakisemi moto ni njia. Mashine iliyochomwa inalipwa na bima, lakini mtu aliyekufa halipwi na yeyote, na waliokamatwa wanabaki na kesi zao peke yao. Lakini chama kinasema pia kwamba moto ule haukuwaka bila kuni. Kuni zake zilikuwa ni watu kuamka asubuhi na kukuta kazi yao imepewa mashine bila kuulizwa na bila kuambiwa. Anayetaka amani na aanze kwa kuketi mezani.

MASIKIO, MAPAFU NA VIDOLE

Mtambo usiokatika haupumziki, kwa hiyo wanataka nasi tusipumzike. Msimu wa majani mengi mkanda unakwenda usiku na mchana, na mtu analishwa chakula amesimama.

Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asiwekwe penye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa muda wa saa nane. Simama kati ya rola za CTC na feni za mtambo wa kukaushia, ujaribu kumwita mwenzako aliye hatua tatu kutoka kwako. Je, kelele hiyo imepimwa lini katika kiwanda chako? Karatasi ya kipimo iko wapi? Katika chumba cha kuchambulia, vumbi la chai linaelea mchana kutwa, na wengi wanaofanya kazi humo wanakohoa usiku wakiwa vitandani. Kitambaa ulichokifunga puani kwa mkono wako mwenyewe si chombo cha kinga. Na rola zile zenye meno ya kurarua jani haziulizi kama hiki ni jani au ni kidole. Kuzisafisha zikiwa zinazunguka, ati kwa kuwa mkanda usisimame, ni kumpeleka mtu machinjoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya hatari izungushiwe kinga, na inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kama kiwanda chako hakina kamati, usinung'unike chooni. Mwambie mjumbe wako, naye aandike barua, na nakala ya barua itunzwe.

MKULIMA SI ADUI WETU

Kuna hila nyingine ya kugawanya watu. Mkulima mdogo anaambiwa: "Bonasi yako ni ndogo kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda wanataka mishahara mikubwa." Mfanyakazi anaambiwa: "Hatuwezi kukuongeza, kiwanda ni cha wakulima, wataumia." Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, lakini hapa wanapiganishwa nyasi kwa nyasi, na fahali anatazama.

Katika nyumba nyingi za Boito baba anapeleka majani kituoni, mwana yuko zamu ya usiku kiwandani, na binti anachuma katika shamba kubwa. Hiyo ni sufuria moja ya chai. Mkulima anayetaka bonasi nzuri anahitaji mkanda unaolindwa na mtu anayejua, aliyelala usingizi wa kutosha, anayelipwa kiasi cha kutomfanya atafute kibarua kingine. Fedha ya mkulima inaharibiwa na chai iliyochachuka kupita kiasi usiku mmoja wa umeme kukatika. Mshahara wa haki wa mtu wa kuizuia hasara hiyo hauwezi kuitwa mzigo.

TUNACHODAI

Basi wajumbe wapeleke madai haya mezani, na kila mwanachama ayajue kwa moyo:

1. Walinzi wa mkanda wa kuchachushia, waangalizi wa mitambo ya kukaushia, wanoaji wa rola na watu wa boila waandikwe kuwa mafundi, kwa cheo na mshahara wa fundi, na ustadi wao uandikwe katika faili zao.

2. Kila mtambo mpya, wa shambani au wa kiwandani, uzungumzwe na chama kabla ya kununuliwa. Kuarifiwa siku ya kuufunga si kuzungumza.

3. Anayeondolewa na mtambo apewe kwanza nafasi ya kufundishwa kazi ya mtambo huo. Aliyelijua jani kwa mkono miaka 15 ndiye anayefaa kuiongoza mashine.

4. Ubora wa majani yanayopokelewa uandikwe kila siku mbele ya mjumbe, ili mtu wa mkanda asibebeshwe lawama ya jani lililokuja likiwa baya.

5. Zamu ziwe na mapumziko yaliyoandikwa, na awepo mtu wa kumpokea mwenzake ili mkanda usiwe sababu ya mtu kula amesimama.

6. Kelele na vumbi vipimwe, majibu yabandikwe ukutani, na vyombo vya masikio na pua vitolewe bila kukatwa mshahara.

7. Usiku wa umeme kukatika, kazi ya kuokoa majani iandikwe kuwa kazi ya dharura na ilipwe kuwa kazi ya dharura.

Madai haya si ya mbinguni. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, hali bora za kazi, kuingia chamani na kugoma. Tunachodai ni kuitimiza.

KWA WANAOTUITA WAPINGA MAENDELEO

Watatuita maadui wa maendeleo. Tuwajibu kwa utulivu. Sisi ndio tulioupokea mkanda, tukajifunza tabia zake, tukautengeneza ulipoharibika, na tukaufanya utoe chai inayopigiwa mnada Mombasa. Hatutaki kurudi kwenye sinia za sakafuni. Maendeleo ya mtambo ni mema ikiwa yule aliyepunguziwa uchovu hapunguziwi pia mkate. Lakini maendeleo ambayo faida yake inakwenda juu na hasara yake inakuja chini, hayo ni unyonyaji uliopakwa rangi mpya. Tangu mwaka 2022 mashamba makubwa ya Kericho na Bomet yamebadilisha wenyewe. Majina ya langoni yamebadilika, na watu wa mkanda wamebaki wale wale, wakiitoa chai ile ile. Nani basi ndiye mwenye kuiendesha kazi hii?

Siku msimamizi atakapokuambia tena kwamba mtambo unajiendesha, usigombane naye. Mwambie hivi kwa adabu: "Bwana, basi nipe ruhusa usiku wa leo nikalale nyumbani, na wenzangu wote wa zamu, tuuache ujiendeshe." Kisha utazame uso wake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lipa ada yako, hudhuria mkutano wa tawi, na ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako wa zamu inayofuata.

UMOJA NI NGUVU! HAKI KWA KILA MWENYE JASHO!

Mjumbe wenu wa kiwandani,
Boito